Tunahamia Oahu na kijana wa skeitibodi, maisha ya North Shore yakoje jamani?

mama_wa_Mkunazini:

Assalamu alaykum na habari zenu nyote. Nnaomba msaada kwa walioko Hawaii au waliowahi kuishi huko, hasa kisiwa cha Oahu. Mume wangu kapata kazi ya miaka miwili chuo kikuu pale Manoa, Honolulu mjini, na sisi tunamfuata mwezi wa sita, mimi na mwanangu wa kiume wa miaka 15. Sasa hivi tupo Kampala, mtoto kajifunza skeitibodi, ule ubao wa magurudumu, kwenye kiwanja cha Kitintale na yaani ndo roho yake, ubao unalala chini ya kitanda chake na akiamka kitu cha mwanzo anaangalia kama upo. Tangu asikie Oahu hataki habari ya kukaa mjini, anataka North Shore, ule upande wa kaskazini wa kisiwa, kila siku ananionesha video za Pipeline, lile wimbi lao maarufu, na mimi moyo unanienda mbio.

Mie mtoto wa pwani, nimekulia Unguja, bahari siiogopi. Lakini kwetu mwamba unavunja mawimbi kule mbali, ndani maji yametulia watoto wanaoga mpaka wachoke wenyewe. Yale ya huko siyajui kabisa.

Kwa hivo nauliza, tukae mjini au North Shore? Chakula tutapata, sisi Waislamu? Na kubwa kuliko yote, mtoto atapata vipi marafiki, maana nimesikia wenyeji hawataki wageni wanaojiingiza kwenye mawimbi yao, naogopa asije akapigwa au akabaki mpweke tu chumbani na simu. Mwenye uzoefu aniambie ukweli asinifiche.

---

mpemba_wa_pasifiki:

Waalaykum salaam dada. Mie niko huku mwaka wa 9 sasa, napika kwenye gari la chakula upande wa Kahuku, kamba wa kitunguu thomu, na naishi karibu na Haleiwa kwa hivo haya ninayokwambia nayaona kila siku.

Nyumba tafuteni mjini. Mume wako akikaa North Shore na kazi iko Manoa atakonda kwa foleni, ni saa nzima gari ikienda vizuri na haiendi vizuri, maana upande wetu huku barabara ni moja tu, Kamehameha Highway, njia moja ya kwenda moja ya kurudi, na pale ufukwe wa Laniakea watu wanasimama kuangalia kasa basi magari yanajipanga mpaka unaweza kumaliza kahawa. Mtoto mleteni Jumamosi, inatosha kabisa kwa kuanzia.

Sasa habari ya bahari, hapa dada soma polepole. Mnafika mwezi wa sita. Huo mwezi bahari ya North Shore imelala, Waimea inakuwa shwari watoto wanaruka kutoka jabalini na Sharks Cove watu wanapiga mbizi kuangalia samaki. Mawimbi ya wakati huo yapo kusini, Waikiki na jirani zake, kwa sababu ndo kipindi cha baridi kule chini ya dunia na dhoruba zao zinaleta mawimbi mpaka huku, na Waikiki wimbi lake refu, laini, linamsukuma mtu taratibu. Ndiko watu wanakojifunzia toka enzi za Duke Kahanamoku, yule muogeleaji aliyechukua dhahabu ya Olimpiki 1912 halafu akazunguka dunia kuwaonesha watu mchezo huu. Ikifika mwezi wa 10, wa 11, mambo yanageuka, dhoruba zinahamia Pasifiki ya kaskazini, na ile Waimea uliyoiona kama birika utaiona kama jengo la ghorofa linatembea. Mpaka karibu mwezi wa pili au wa tatu ni hivo.

Na kitu kingine wageni kinawaponza, huku watu wanapima wimbi kivyao. Akisema "leo futi 4" usifikirie la kiunoni, wao wanakadiria kwa nyuma, ukilitazama kwa mbele uso wake unakaribia futi 8, yaani limekupita kichwa vizuri sana. Kijana wako akisikia futi 4 akakimbilia maji basi atakuwa kakimbilia kitu asichokijua.

Vilevile sahau kujaa na kupwa kwa kwetu. Unguja siku za bamvua maji yanatoka hata mita 4 unatembea mpaka mwambani kuokota kombe, huku tofauti haifiki hata mita moja. Mwamba umejificha chini muda wote, na pale Pipeline uko karibu mno na juu, wimbi linakunja hapohapo juu ya jiwe. Sijui niseme vipi ila mie mvuvi mtoto wa mvuvi na sijawahi kuingia pale wakati wa baridi wala siingii.

Habari ya kupigwa. Dada sitakudanganya, zamani ugomvi ulikuwepo na hata leo mtu akikosa adabu ataambiwa atoke na asipotoka itakuwa shida. Lakini adabu yenyewe ni ile unayoijua. Mtu keshasimama kwenye wimbi humdandii. Ukifika mahali hupigi mbio mbele ya walokukuta, unakaa pembeni, unasubiri, unaangalia nani mkubwa wa pale. Watu wazima wote watoto wanawaita anko na anti, hata muuza duka, na mlangoni mwa nyumba utakuta rundo la kandambili kama uko Mkunazini siku ya maulidi. Siku ya kwanza nilipoona vile viatu nje nilisimama pale mlangoni nikashindwa kuingia kwa muda, koo limenikaba.

---

dogo_beringi:

Shikamoo mama. Mi nipo Honolulu nasoma, mtoto wa Temeke, na mi pia mtu wa skeitibodi kwaiyo nimefurahi sana kuona hii. Mwambie dogo asiwe na wasiwasi kuhusu North Shore, mjini pia ipo. Kuna A'ala Park karibu na Chinatown, ndo nyumbani kwetu wengi, kuna sehemu ya Hawaii Kai watu wanaiita Wallos, ni mfereji mkubwa wa zege wa maji ya mvua kuta zake zimelala kimshazari, watu wanateleza juu chini kama wako baharini yaani ni kitu cha kuona. Na North Shore kuna uwanja wa skeiti wa Banzai, kati ya Pipeline na ufukwe wa Sunset, unaskeiti huku mawimbi unayasikia.

Halafu mama hivi vitu viwili ni ndugu, watu wengi hawajui. Skeitibodi ilishika kasi California miaka ya 50 na 60 pale watu wa mawimbi walipokosa mawimbi wakaona bora wateleze barabarani. Na miaka ya 70 akatokea Larry Bertlemann, mtu wa Hawaii hukuhuku, alikuwa anajikunja chini kwenye wimbi mpaka mkono unagusa maji, sasa vijana wa skeitibodi wakaanza kuiga, wanaweka mkono chini kwenye zege wanazungusha ubao, mpaka leo ile staili inaitwa kwa jina lake. Kwaiyo dogo akiwa anajua kukunja magoti na kuegemea kwa mwili, sio kwa miguu tu, ameshajifunza nusu ya kazi ya majini bila kulowa.

Marafiki sasa. Mi nilivofika wiki mbili za kwanza pale A'ala hakuna aliyeniongelesha. Sio kwamba wananichukia, kila mtu yuko na lake. Huku mvua inanyesha dakika 5 halafu jua linatoka, zege linabaki na madimbwi. Siku moja nilifika wa kwanza nikakuta fagio limeegeshwa, nikaanza kusukuma maji nje, wakaja wawili wakachukua kadibodi wakaanza kukausha na mimi, hatujaongea kitu. Tulipomaliza mmoja akanipa nusu ya mkate wake. Kuanzia siku ile nina watu. Mwambie dogo afike mapema na afagie.

Mengine ya haraka: chumvi ya hewani inakula beringi za magurudumu vibaya sana, abebe za akiba na mafuta kidogo, akishindwa kila mwezi atanunua mpya. Na kwenye basi la umma la jiji ubao wa skeiti unaruhusiwa ukiushika mkononi ila ubao wa mawimbi hauruhusiwi kabisa, watu wengi wanafika kituoni wanagombana na dereva bure. Avae helmeti mama, mi nilikuwa sivai mpaka niliposhonwa nyuzi 6 juu ya nyusi.

---

mwalimu_mstaafu:

Nimesoma yote kwa makini. Binti yangu, mimi nitasema tofauti na hawa. Mtoto wa miaka 15 yuko kwenye umri wa masomo, mmepata nafasi ambayo wengi hawaipati. Kuna Mkenya alikwenda chuo hichohicho cha Hawaii mwaka 1959, akiwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika pale, mwanawe akaja kuwa rais wa Marekani. Hakwenda kuteleza. Bahari haina mwenyewe, na mzazi akishaogopa kama ulivyosema, ile hofu ina sababu yake. Mimi ningemkataza bahari kwa mwaka wa kwanza, aijue nchi kwanza.

---

mpemba_wa_pasifiki:

Shikamoo mwalimu. Nakuheshimu sana na kuhusu masomo sina ubishi. Ila kumkataza bahari mtoto anayeishi kisiwani, kila mwenzake skuli anaingia, mie naona ndo atakwenda kwa kujificha, na anayekwenda kwa kujificha hana wa kumtazama.

Dada kuna kitu nilisahau na ndicho hasa ningetaka ukishike. Jiji la Honolulu lina mafunzo ya waokoaji vijana kila kiangazi, umri miaka 13 mpaka 17, wiki moja, bure. Wanafundishwa na waokoaji wenyewe wa ufukweni: kuisoma bahari, kuujua mkondo unatokea wapi, kutoka ukishikwa, kumsaidia mwenzio, huduma ya kwanza. Wanafanyia sehemu kadhaa za kisiwa, Ala Moana ni mojawapo na hiyo iko karibu na mtakapokaa. Nafasi zinajaa haraka mno, mara tu mkipata tarehe za safari mwandikisheni. Huku mwokoaji wa ufukweni anaheshimiwa kuliko bingwa. Kuna Eddie Aikau, ndo aliyekuwa mwokoaji wa kwanza Waimea, mwaka 1978 alikuwa kwenye mtumbwi wa safari Hōkūleʻa ukapinduka usiku na dhoruba, akachukua ubao wake akasema anakwenda kisiwa cha Lanai kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana tena. Mashindano ya Waimea yana jina lake na hayafanyiki mpaka uso wa mawimbi ufike futi 40 hivi, miaka mingi inapita bila. Yalipofanyika Januari 2023 aliyeshinda, Luke Shepardson, alikuwa mwokoaji aliye zamuni siku ileile, akiomba ruhusa kwenda kushindana, akimaliza anarudi kazini kwenye mnara wake. Nilikuwepo pale kwa miguu tangu alfajiri, watu wamejaa mpaka juu mlimani, na ilivyotangazwa watu wazima walikuwa wanalia. Mtoto akijifunza kwa watu wa namna ile utalala usingizi.

---

binti_mvita:

Mamii karibu sana, mimi ni wa Mombasa, nimeolewa huku, nina watoto watatu. Wacha hao wanaume waongee mawimbi, mimi nikwambie jikoni.

Kwanza nguruwe. Yuko kila mahali na hajitambulishi. Kile kitonge cha wali chenye kipande cha nyama juu kimefungwa na mwani mweusi, wanakiita musubi, kinauzwa hadi kituo cha petroli, ile nyama ni Spam, ni nguruwe. Kalua pia nguruwe, laulau mara nyingi nguruwe ndani ya majani. Mwambie kijana aulize kila mara, hawachukii wala, watu wa huku ukiwaambia huli kitu wanakutafutia kingine na wanakumbuka mwaka mzima. Msikiti uko Manoa, karibu nanyi kabisa, hapo Ijumaa utakutana na watu wa kila taifa na watakuonyesha wapi nyama ya halali inapatikana.

Lakini sasa uje ufurahi. Samaki ni jodari, wanamuita ahi, anakatwa vipande akiwa mbichi anachanganywa na mafuta ya ufuta, chumvi na mwani, ndo poke. Mimi mwanzo nilisema samaki mbichi sili hata kwa dawa, leo hii niko pale duka la Foodland Pupukea kila Jumamosi napima. Magimbi ndo chakula cha heshima cha wenyeji, wanaita kalo, wanayapika na kuyaponda mpaka yawe kama uji mzito wa zambarau, poi, kuna uchachu kidogo. Usiseme ni mbaya mbele ya mtu, kwao gimbi ni ndugu mkubwa wa binadamu kwenye hadithi zao za asili, kwa hivyo kuligeuzia pua ni kama umemtukana mzee wa nyumba. Shelisheli lipo, wanaliita ʻulu, ukilikaanga vile mwafanya Unguja majirani watagonga mlango. Kuna kitu kinaitwa haupia, tui la nazi limegandishwa linakatwa vipande, utasema nyanya yako ndo kapika. Na wa Filipino ni wengi sana huku, uani mwao mlonge umesimama, wakikuona unaujua watakukatia bure. Matembele nenda Chinatown asubuhi mapema.

Bei mamii jipange. Sehemu kubwa ya chakula inakuja kwa meli kutoka Marekani bara, maziwa na mayai yatakushtua. Nanunua mchele gunia, nanunua matunda kwa wakulima wa Jumamosi, na vya mtini kwa majirani, embe na papai, jirani akileta nawe usirudishe bakuli tupu. Hio ni sheria huku kama kwetu.

Na upande wa kusini kuna kiwavi wa baharini anayewasha, yule wa boksi (box jellyfish), anakuja ufukweni siku 8 mpaka 10 baada ya mwezi mpevu. Sisi tunahesabu mwezi hata hivyo, basi hesabu na hilo. Kupiga simu nyumbani tofauti ni saa 13, huku ikiwa asubuhi saa kumi na mbili Jumamosi, Unguja ni saa moja ya usiku Jumamosi hiohio, ndo wakati mzuri, wamemaliza magharibi na wewe ndo waamka.

---

mama_wa_Mkunazini:

Jamani nimerudi, samahani kwa kimya, ni miezi mitatu sasa tuko huku. Tumepata nyumba ndogo Moiliili, ghali lakini mume anatembea kwa miguu mpaka kazini. Nilisema nitaleta habari na nisingelala bila kuleta.

Mafunzo ya waokoaji tuliwahi nafasi Ala Moana wiki ya mwisho kabisa. Siku ya kwanza karudi kimya, nikasema basi limemshinda. Kumbe walimuogeza mbali na yeye kuogelea kwake ni kwa Kampala, kwenye bwawa, alichoka akashikwa mkono na msichana mdogo kuliko yeye. Aliona haya sana. Lakini kesho yake aliamka kabla yangu. Mwisho wa wiki alikuwa anasimama ufukweni ananionesha kwa kidole, mama unaona pale maji hayavunji, yametulia, hapo ndo usipite, hapo ndo mkondo unatokea. Mie mtoto wa pwani nilikuwa siku zote nafikiri pale palipotulia ndo pazuri. Mwalimu, nilikukumbuka, na ningekuwa nimemkataza angekuwa kama mimi, haogopi na hajui.

Marafiki walianza kwa fagio kweli dogo_beringi, Mungu akupe kheri. Ila Banzai ilichukua muda zaidi. Jumamosi ya kwanza alikaa ukingoni saa mbili nzima na ubao mapajani, moyo uliniuma nikataka kumwambia twende zetu, baba yake akanizuia. Jumamosi ya pili aliteleza kidogo peke yake pembeni. Ya tatu mimi nilikuwa nimekaanga mandazi ya nazi usiku, nikabeba bakuli zima maana sijui kupika kidogo, nikaweka juu ya kiti cha mbao. Kuna mzee mmoja anakaa pale kila siku anaangalia wajukuu, akachukua moja, akachukua la pili, akaniuliza nini hiki, ni kama malasada, yale maandazi ya huku, lakini si malasada, kuna kitu ndani. Nikamwambia iliki. Akaita watoto wote, wakaja kumi na kitu na jasho lao, na mwanangu ndo akawa anaeleza mandazi ni nini na Unguja iko wapi na Kitintale iko wapi. Mmoja akachora ramani ya Afrika kwa chaki kwenye zege, kaikosea sana, mwanangu akaichora upya.

Jana yule mzee kamwambia mwanangu mwezi wa 10 usiingie majini huku, kaa na mimi hapa juu nikufundishe kuangalia. Kamwambia "sawa anko". Nimefurahi mpaka nimeshindwa kumsimulia mama yangu kwenye simu.

Sasa shida yangu ni hii, iliki niliyokuja nayo imekwisha na Jumamosi wanazingoja. binti_mvita unanunua wapi? Ile ya kichupa ya dukani haina harufu.

---

binti_mvita:

Mamii usinunue ya kichupa, pesa bure. Mimi naagizia nzima kutoka kwa watu wanaokuja, ninayo kilo karibu nusu kwa freza. Ijumaa baada ya sala nisubiri pale kwenye viatu, nitakuletea. Na uje na hilo bakuli.